SOMO LA JAMAA: Vitu Vilivyochakaa na Uzuri wa Nyumba

Mafungu ya kusoma: Yeremia 29:4-10; Kutoka 38:8; Kutoka 32:1-4



Wengine kati yetu husema, "Kupamba nyumba ya turubai ni kazi bure. Hapa si kwetu." Neno hili tulipime kwa Maandiko. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Aliwaagiza wajenge nyumba, wakae, wapande bustani. Katika barua hiyo hiyo waliahidiwa kurudishwa baada ya miaka 70. Basi kutengeneza makao si kukata tamaa ya kurudi kwetu.

Lakini tutapamba kwa kitu gani? Israeli nao waliishi hemani. Birika ambamo makuhani walinawa lilitengenezwa kwa vioo vya akina mama waliotumika mlangoni pa hema. Zamani hizo kioo kilikuwa shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Akina mama hawa walitoa walichokuwa nacho nyumbani.

Tujihadhari pia. Pete za masikio za watu hao hao ziliyeyushwa zikawa ndama. Tukipamba ili kumshinda jirani, tumepotea njia.

Kazi ya mikono kwa jamaa:

1. Kopo la mafuta. Lioshe kwa majivu na maji ya moto. Gonga kingo zake kwa jiwe zilale ndani, zisikate watoto. Toboa matundu chini, weka udongo, panda maua. Usiache matundu: maji yakituama huzaa mbu.

2. Mfuko wa unga uliochanika. Ufue, fumua nyuzi zake, uzisuke kamba za kutundika makopo ya maua mlangoni.

3. Kitenge kilichochakaa. Kikate vipande virefu, upana wa vidole viwili. Suka vitatu vitatu kama nywele, kisha zungusha msuko na kuushona. Utapata kitambaa cha kuwekea sufuria, au zulia dogo ukiendelea.

Chombo kilichowekwa dawa ya wadudu kisitumike kabisa, hata kikioshwa. Plastiki isichomwe karibu na watoto. Moshi wake ni sumu.

Wazazi, fanyeni kazi hii pamoja na watoto. Wengi wao wamezaliwa hapa na hawajaona kijiji chetu. Mikono ikisuka, wasimulieni nyumba ya babu ilivyokuwa. Hivyo watajua kwamba wana kwao, na kwamba hapa pia Mungu yupo pamoja nao.

Maswali ya kujadiliana:
- Ni kitu gani nyumbani mwetu tunakiona hakina kazi tena?
- Ni jirani gani, mjane au mzee, tutakayempelekea pambo la kwanza?

Tuombe: Bwana, ubariki kazi ya mikono yetu, na makao yetu yawe mahali pa amani mpaka siku utakayoturudisha. Amina.