Alimweleza Kweli Yote

Somo: Marko 5:25–34

Mchungaji aliniomba nifundishe habari za mwanamke aliyetokwa na damu, nami nimeona siwezi kuzifundisha bila kusema zangu.

Miaka mitatu iliyopita niliugua sonona. Wengi hapa Kiwayu mlidhani ni malaria isiyoisha. Silali, sili, natamani bahari inichukue. Nilipanda boti mpaka Lamu, nikaandikiwa fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi. Dawa ile ilinisaidia. Nasema wazi kwa sababu wapo wanaosema kumeza dawa ya akili ni kukosa imani. Mungu aliitumia kunirudisha kwenu.

Ila kuna jambo sikuambiwa. Baada ya wiki chache hamu ya tendo la ndoa ikaniisha, na sehemu za siri zikawa kama zimepigwa ganzi. Nilipopona, daktari alinipunguzia dozi taratibu hadi nikaacha. Nikangoja. Mwaka sasa umepita, hali haijarudi. Mke wangu akadhani nina mwingine. Mimi nikanunua mizizi kwa muuzaji wa barabarani, nikafunga siku tatu, nikakemea mapepo. Kumwambia mtu? La.

Sasa mtazame yule mama. Ugonjwa wake ulikuwa wa aibu, wa mahali pasipotajwa. Miaka 12. Marko anasema matabibu wengi walimtesa na hali ikazidi kuwa mbaya. Kumbe Biblia haifichi kwamba tiba yaweza kuumiza! Lakini Yesu hakumkemea kwa kwenda kwa tabibu. Alisimama, na huku Yairo ana haraka, akamngoja mpaka aseme. Yeye aliyekuja kwa nyuma akasema kweli yote mbele za watu.

Nami nilianza na mke wangu. Alilia, halafu akaniuliza kwa nini nilimwacha ajilaumu yeye. Sikuwa na jibu.

Kisha nikarudi kwa daktari. Alinieleza kwamba dawa za jamii hii huongeza serotonini kwenye ubongo, na kemikali hiyo hiyo yaweza kupunguza hamu. Wengi hurudia hali yao wakiacha dawa. Wengine hubaki hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka karatasi za dawa hizi zionye hivyo, na Kanada ikafuata 2021. Basi si pepo, wala si umalaya. Hakunificha kwamba bado hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya hali hii. Lakini alipima sukari, presha na homoni, maana hizo nazo huondoa nguvu, akauliza pia kama sonona imerudi, kwa kuwa nayo huua hamu.

Wewe unayemeza dawa hizi sasa, tafadhali usizitupe baharini kwa sababu yangu. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na ugonjwa waweza kurudi. Rudi kwa daktari, utaje jambo lenyewe kwa jina lake. Anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Ukiona haya, nenda na mwenzio.

Majibu ya homoni yangu yako tayari Lamu. Kusi linavuma na boti zinarushwa sana, lakini mama watoto amesema safari hii hanisubiri nyumbani. Tunaondoka Jumanne alfajiri. Mtuombee.