Vipele Mdomoni mwa Mbwa: Vidokezo kwa Wafugaji wa Ufipa

Mbwa wa Sumbawanga hana mpishi. Hula ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa, mfupa alioupora kwa jirani, kisha hujilaza jikoni kando ya majivu kwa sababu baridi ya Juni na Julai huku juu haina utani. Mdomo wenye kazi nyingi hivyo haukosi kipele. Cha muhimu ni kujua kipi cha kuacha na kipi cha kukimbilia.

1. Tazama tabia kwanza. Mpole kawa mkali ghafla, au mkali kajificha gizani. Udenda unamtoka, kumeza kunamshinda, sauti imebadilika. Mbwa wa namna hiyo usimfungue mdomo, hata kama unaapa kuwa ni mfupa tu umemkwama. Huenda ni kichaa cha mbwa, na virusi vyake vimo kwenye mate. Mwite mtaalamu wa mifugo. Akikung'ata, au mate yake yakigusa mchubuko wako, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona mbwa ataishiaje.

2. Vile vinavyofanana na koliflawa ni chunjua. Huota kwenye midomo, fizi na ulimi wa mbwa wadogo, hasa walio chini ya miaka 2. Vinaletwa na virusi vya mbwa, havimpati binadamu. Mara nyingi huondoka vyenyewe baada ya mwezi 1 hadi 3, mwili ukishajifunza kupambana. Usikate, usichome. Mtengee tu chombo chake cha chakula, maana wenzake huambukizwa kwa kulambana na kula pamoja. Vikizidi hadi ashindwe kula, hapo mwone daktari.

3. Kagua bakuli. Wengi wetu tunalisha kwenye dumu la mafuta lililokatwa kwa kisu. Kingo zake huchubua midomo, na plastiki iliyochanika hutunza uchafu hata ukiiosha. Wapo pia mbwa ambao ngozi yao haipatani na plastiki kabisa, kidevu kinajaa vipele vyekundu. Sufuria kuukuu ya bati inatosha. Na kipele cha kidevu usikikamue. Ukikamua unasukuma usaha ndani.

4. Uliza: anajikuna? Kijibwa kinachonyonyoka manyoya kuzunguka macho na midomo bila kujikuna sana, pengine ana vijidudu vya ngozi alivyopata kwa mama yake akinyonya. Vidoa vichache huweza kupona vyenyewe. Lakini akijikuna usiku kucha, kingo za masikio na viwiko vimeota magamba, huo ni ukurutu, na watoto wanaolala naye watawashwa vilevile. Huo hautaki kusubiri.

5. Oili chafu, hapana. Najua, kila kijiwe kina mzee aliyemponya mbwa kwa oili ya gari. Hasimulii wale waliokufa. Mbwa hulamba kila unachompaka, na cha mdomoni hukilamba kwanza, kwa hiyo oili inaishia tumboni na kwenye ini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina vipimo vya ng'ombe. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu humtoboa tumbo na kumharibu figo. Wengine watasema mbwa amerogwa. Sumbawanga tunasingiziwa mengi; la vipele vya mbwa tusijiongezee wenyewe.

6. Kitoto cha mbwa kilichovimba uso ghafla ni dharura. Ana kati ya wiki 3 na miezi 4, midomo imejaa usaha, tezi za chini ya taya zimefura, hataki kunyonya wala kula. Daktari leo, si baada ya gulio.

7. Mbwa wa kuwinda ana hesabu yake. Akirudi na miiba ya nungunungu, usiikate wala kuiacha: huweza kuzidi kuzama. Wale wanaoshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Rukwa huweza kukutana na mbung'o, wenye kuambukiza maradhi. Uso ukivimba, macho yakaingia ukungu na homa ikapanda, taja safari hiyo kwa daktari.

8. Mchubuko mdogo osha tu. Maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai, kitambaa safi.

9. Mbwa mzee mwenye uvimbe mmoja unaokua, unaotoka damu au kunuka, apelekwe mapema. Saratani za mdomo huanza hivyo.

10. Piga picha kwa simu kila baada ya siku chache, mahali penye mwanga, umwoneshe afisa mifugo wa kata. Akija, mwulize na ya chanjo ya kichaa: huanza miezi 3, hurudiwa kila mwaka, na kadi yake hutunzwa pamoja na karatasi nyingine za nyumba.