Ulevi na Maduka Yetu

Ndugu Waislamu wa Lodwar na Kakuma, wengi hudhani kuwa mwenye dhambi ya ulevi ni mnywaji peke yake. Sivyo. Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe: wamo aitengenezaye, aibebaye, abebewaye, aiuzaye na alaye thamani yake.

Basi natutazame kwetu. Bia huletwa kwa malori kwa njia ya Kitale. Malori hayo ni ya nani? Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, wamo wanawake wapikao busaa na chang'aa kwa kukosa riziki. Wao husukumwa na njaa. Sisi tuwauziao sukari na hamira husukumwa na nini? Sheria ya 1980 iliyokataza chang'aa ilifutwa mwaka 2010, ikaruhusiwa kwa leseni. Leseni haihalalishi haramu.

Je, kuuza sukari ni haramu? Hasha! Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema: ukimshuku mnunuzi wa zabibu kuwa atafanya mvinyo, kumwuzia ni makuruhu, ukijua hasa, ni haramu. Na ajaye kila wiki kwa gunia la sukari na hamira tele, twaweza kusema hatumjui?