Injini Ikizimika Angani: Dondoo kwa Rubani wa Kompyuta

Unarusha Cessna 172S kwenye simuleta, injini inanyamaza. Usikimbilie kitufe cha kusitisha.

1. Shusha pua, shika mwendo wa noti 68. Wengi huvuta usukani ili wasishuke, ndege ikakosa mwendo na kuporomoka.
2. Chagua pa kutua kwanza, swichi baadaye.
3. Kagua kwamba matangi yote mawili yamefunguliwa, mchanganyiko wa mafuta umesukumwa mbele, pampu na magneto zimewashwa. Mara nyingi kisa ni kitufe cha kibodi ulichogusa bila kujua!
4. Imezimika punde baada ya kupaa? Tua mbele, usigeuke kurudi uwanjani.
5. Flapu zisubiri hadi uwe na hakika ya kufika ulipochagua kutua.
6. Ili ujizoeze, katika simuleta ya X-Plane, washa hitilafu za kubahatisha.