Somo kwa Wavuvi: Chungu cha Kuyeyushia Risasi

Wewe mvuvi wa kando ya ziwa Tanganyika, kazi ya risasi unaijua. Ukitaka kuvua mukeke ao sangala kwa kamba ya mkono, ndoana tupu haishuki vizuri. Mkondo wa maji unaichukua pembeni. Kwa hiyo wavuvi wengi wanayeyusha risasi nyumbani na kuisubu juu ya shina la ndoana. Somo hili si juu ya kalibu, wala si juu ya kamba. Ni juu ya chungu tu. Labda utauliza: Chungu kina maneno gani? Sikiliza kwanza.

Siku moja nilifika katika kijiji cha wavuvi, nikamkuta mwanamume amekaa mbele ya mbabula, naye ameweka sufuria ya mke wake juu ya makala. Ilikuwa sufuria ya aliminiamu, ile nyeupe nyepesi inayouzwa katika kila soko. Alipuliza moto kwa nguvu. Sufuria ikalegea chini, kisha ikapasuka, na risasi yote ikamwagika motoni. Matone yakaruka mpaka karibu na miguu yake. Hakuungua, Mungu ashukuriwe. Nikamwuliza: Je, hii ni mara ya kwanza? Akajibu: Hapana, mwezi uliopita nilitumia ile nyingine, ile tunayopikia sombe. Jibu hilo lilinitisha kuliko moto.

Tazama hesabu. Risasi inayeyuka kwa digri 327. Aliminiamu inayeyuka kwa digri 660. Utasema: nafasi ni kubwa, hakuna shida. Lakini moto wa makala ukipulizwa unaweza kupita digri 1000, na aliminiamu inapoteza nguvu zake mbele ya kuyeyuka. Basi usiitumie hata kidogo. Vile vile uache ndoo ya bati yenye maua maua ya kijivu. Yale maua ni zinki. Ikipata moto mkali inatoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta anashikwa na homa. Kopo la maziwa? Makopo ya zamani yaliungwa kwa madini yanayoyeyuka mbele ya risasi yenyewe, kwa hiyo kiungo kinaachia. Ya siku hizi hayaungwi hivyo, lakini ni membamba, yanakunjika ukiyashika kwa koleo. Chungu cha udongo kinanyonya maji, nacho chaweza kupasuka ghafula. Mimi sikipendi kwa kazi hii, ingawa wazee wengine watabisha.

Chungu kizuri ni cha chuma, na hasa chuma kizito cha kusubu. Kinapokea moto polepole na kukaa na joto, nawe unapata nafasi ya kujaza kalibu mbili tatu bila kurudi motoni. Kosa lake ni moja: kikianguka juu ya jiwe, kinavunjika. Kama hukipati, chukua kipande cha bomba nene la chuma, fundi akikate na kukiunga kitako. Mwambie aunge vizuri kwa moto wa umeme, asitie madini laini. Ukinunua sokoni, peleka sumaku ya redio iliyokufa: inashika chuma, haishiki aliminiamu. Kisha gonga ukingo kwa kisu. Kikilia wazi ni kizima. Kikitoa sauti nzito kina ufa.

Sasa neno ambalo watu wengi wanalisahau, ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya risasi inapita kilo 11. Ukijaza chungu cha lita mbili utanyanyua kilo 22 za moto kwa mpini mmoja, na misumari ya mpini itang'oka. Wewe unataka nini? Ndoana 20 zenye vichwa vya grama 50 ni kilo moja tu, na kilo hiyo haijazi hata nusu ya kikombe cha chai. Basi chagua chungu kidogo, chenye kitako kipana kisichoyumba juu ya mafiga, chenye mdomo wa kumiminia, na mpini mrefu wa chuma. Mpini wa mti unaungua; mpini mfupi unakuunguza wewe.

Ukikipata, kitie maji ulale nacho usiku mmoja, uone kama kinavuja. Lakini sikia: siku ya kazi kisiwe na maji hata tone moja. Maji yakikutwa chini ya risasi ya moto yanageuka mvuke mara moja, nao unahitaji nafasi kuliko maji mara 1600. Mvuke huo unarusha risasi usoni. Kaushe chungu motoni kikiwa kitupu, tia risasi kavu kingali juu ya makala, usiongeze kipande kilichotoka ziwani. Hata jasho la uso lisidondoke ndani. Chungu kikianza kuwa chekundu, moto umezidi, ondoa makala.

Sumu yake haionekani. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia katika damu, vinaharibu akili ya mtoto na mimba ya mama. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi kidogo ambacho hakidhuru. Huko Senegal, pale Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watu walichukua risasi ya batri za motokari kutoka katika mchanga. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Kwa hiyo usivunje batri, na usiyeyushe karibu na nyumba. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, watoto na wake wenye mimba wawe mbali. Ule utando wa kijivu unaouengua juu usiutupe uani. Uweke katika kopo lenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kushika bukari.

Kwa wavu sikushauri risasi hata kidogo. Jiwe lenye tundu ao udongo uliochomwa unatosha, kama babu zetu walivyofanya.

Chungu chako kipya kipige alama tatu za tupa ukingoni, ukitundike mahali pasipo vyombo vya mama. Nayo ile sufuria iliyokwisha kuyeyushia risasi, hata ikisuguliwa kwa mchanga mpaka ing'ae, haifai tena chakula. Itoboe kitako kwa msumari, tundu kubwa, ili mtu asije akaiokota na kuipikia.