SOMO LA USALAMA: Kubadilisha Programu ya Ruta Kiwandani



Usiku mmoja, katika kiwanda cha sukari ambacho hatutakitaja jina, mwenzetu mwendesha boila aliitazama skrini iliyo mbele yake akaona maji ya boila yako nusu, mvuke uko sawasawa, wala hakuna taa nyekundu. Baada ya dakika tatu akatazama tena: nusu ile ile. Dakika tano: nusu ile ile, hata tarakimu ya mwisho haijatikisika. Mtu huyu alikuwa mkongwe wa kazi, na alijua kwamba maji ya boila iliyo kazini hayatulii namna hiyo. Akainuka kitini, akaenda kukitazama kioo cha maji kwenye boila yenyewe. Maji yalikuwa yamebaki kiasi cha kidole kimoja tu chini ya kioo.

Kwa kuwa maji bado yalionekana, aliwahi kuyaongeza kwa mkono. Kama yangekuwa yametoweka kwenye kioo asingethubutu, maana kumimina maji baridi juu ya mabomba yaliyokwisha kuungua ndiko kunakolipua boila. Hapo kazi ni kukata moto na kuwaondoa watu. Na moto wa makapi ya miwa, kama mjuavyo, hauzimiki kwa kubonyeza kitufe.

Kilichotokea ni hiki. Fundi aliyeajiriwa na ofisi alikuwa mjini, kilomita nyingi kutoka hapo, akibadilisha programu ya ruta kwa njia ya mtandao. Ruta ilizimika ili iwake upya. Amri ya kuongeza maji ilikuwa ikipita ndani ya ruta hiyo hiyo, na skrini, ilipokosa habari mpya, iliendelea kuonyesha tarakimu ya mwisho iliyoipokea. Hakuna mtu wa zamu aliyekuwa ameambiwa. Asubuhi yake mwendesha boila akapewa barua ya kujieleza kwa nini mvuke ulishuka.

Ndiyo maana tumeona somo hili lisiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao.

Ruta ni nini? Ni kisanduku kinachopokea habari kutoka mtandao mmoja na kuzielekeza kwenye mwingine. Siku hizi kiwandani habari hizo si barua za ofisi tu. Ni joto la tanuri, uzito wa lori kwenye mizani, amri ya kufungua vali, amri ya kusimamisha mkanda. Ndani ya kisanduku hicho mna programu kuu inayokiendesha, nayo, kama programu nyingine zote, ina makosa yanayogunduliwa baadaye. Mtengenezaji akiyagundua hutoa toleo jipya.

Wapo wenzetu wanaosema: basi iacheni ya zamani, mbona inafanya kazi? Hatukubaliani nao. Mwezi wa Mei 2018 iligunduliwa programu ya uharibifu iliyopewa jina VPNFilter, iliyokuwa imekwisha kuingia katika ruta na vyombo vya namna hiyo visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Vingi vilikuwa vya nyumbani na vya ofisi ndogo. Lakini sehemu moja ya programu hiyo ilitengenezwa ipeleleze mazungumzo ya Modbus, lugha ambayo mitambo mingi ya viwandani huitumia kuzungumza. Mwizi hakuhitaji kuvunja mlango. Alipitia makosa ya zamani ambayo mengi yalikuwa yanajulikana. Ruta isiyobadilishwa programu ni mashine yenye ufa. Ufa huo hapana budi uzibwe, ila usizibwe wakati mkono wa mtu umo ndani ya mashine.

Na tukumbuke kwamba programu hiyo ikiharibika, kisanduku hugeuka kuwa kipande cha bati. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi waliingia katika mitandao ya kampuni tatu za kugawa umeme wakawakatia umeme wateja wapatao 225,000. Kisha, kwa makusudi, wakaandika programu mbovu juu ya programu ya visanduku vinavyounganisha vituo vya umeme na chumba cha uongozi, ili amri zisifike. Umeme ulirudi katika muda wa saa chache kwa sababu wafanyakazi walikwenda vituoni wakaziwasha swichi kwa mikono yao. Zaidi ya miezi miwili baadaye vyumba vya uongozi vilikuwa bado havijarudia hali ya kawaida. Walichofanya wavamizi wale kwa makusudi, fundi mwenye haraka anaweza kukifanya kwa bahati mbaya: akiweka faili isiyo ya modeli ile, au umeme ukikatika kazi ikiwa katikati.

Sasa tuitazame kazi yenyewe inavyofanywa na fundi mwenye nidhamu, ili mwakilishi wa tawi ajue la kuuliza.

Kwanza fundi huandika modeli ya ruta na namba ya toleo lililomo sasa. Halafu husoma maelezo ya toleo jipya, yote, hata kama ni marefu, kwa sababu humo ndimo inaposemwa ni kitu gani kimeondolewa na kama ruta ya zamani sana inapaswa kupitia toleo la katikati kabla ya kufika kwenye jipya. Faili huichukua kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa rafiki. Mtengenezaji huchapisha pamoja na faili mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Fundi hukokotoa mfululizo huo kutoka faili aliyonayo na kulinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili hiyo imeharibika njiani au imechezewa, na haiingii kwenye chombo.

Kisha huchukua nakala ya mpangilio wa ruta na kuiweka nje ya ruta. (Tumewahi kuonyeshwa nakala iliyohifadhiwa ndani ya ruta ile ile. Hiyo ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.) Nakala hiyo huwa na maneno ya siri, kwa hiyo ifungiwe kabatini. Betri ya akiba iwepo. Ikiwa kiwanda kina ruta ya ziada ya modeli ile ile, toleo jipya lijaribiwe huko kwanza. Kama ruta mbili zinasaidiana, ianze ile iliyopumzika. Ya pili isiguswe mpaka ya kwanza imethibitika.

Jambo kubwa kuliko yote ni njia ya kurudi nyuma. Ruta nyingi za viwandani zina nafasi ya kuweka programu mbili, ya zamani na mpya. Katika zile za Cisco zinazotumia programu ya IOS XE, kazi inaweza kufanywa kwa hatua tatu: kuingiza faili, kuiwasha, na kuithibitisha. Baada ya kuwashwa, saa huanza kuhesabu. Fundi asipothibitisha kabla muda haujakwisha, ruta hujirudisha yenyewe kwenye programu ya zamani. Huu ni mpango wa busara, na anayewahi kuthibitisha kabla hajauliza watu wa mashine ameutupa bure. Tena kuwe na mtu aliyesimama penye ruta akiwa na waya wa kuunganisha kompyuta moja kwa moja, maana anayefanya kazi kupitia mtandao huukata mti akiwa amekaa juu ya tawi lake.

Hili la tawi si mzaha. Tarehe 8 Julai 2022, nchini Kanada, kampuni ya simu ya Rogers ilikuwa ikifanya marekebisho katika mtandao wake mkuu, kazi ya hatua saba, na ilikuwa imefika hatua ya sita. Haikuwa programu kuu iliyobadilishwa bali mpangilio wa ruta: kichujio kimoja kiliondolewa, ruta kubwa za katikati zikafurikwa na habari kupita kiasi, zikaanguka. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma kwa muda wa saa 26 hivi. Mafundi walitumia karibu saa 14 kabla hawajajua chanzo, kwa sababu njia yao ya kuzifikia ruta ilipita katika mtandao ule ule ulioanguka, na hata simu zao za kazini zilikuwa za kampuni hiyo hiyo. Lakini lililotugusa zaidi katika taarifa ya uchunguzi ni jingine. Mwanzoni kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya hatari kubwa. Kwa kuwa hatua za kwanza zilikwenda salama, hatua ya sita ikashushwa na kuwekwa katika daraja la hatari ndogo. Nani kati yetu hajamwona nyapara akisema, "Jana tulifanya hivi hivi na hakikutokea kitu"?

Kwa hiyo tunapokaa na mwajiri, tusiombe tuelezwe mambo ya kompyuta kwa hisani. Tudai yaandikwe katika mapatano. Ruta inayobeba amri za mashine iguswe wakati mashine zimesimama, na kila aliye kwenye mashine aweke kufuli lake kama anavyofanya mafundi wa mitambo wakiingia. Zamu ipewe notisi ya maandishi yenye saa ya kuanza na jina la anayefanya. Mwendesha mashine awe na haki ya kusema bado. Saa za kusimama zilipwe. Kifaa cha kuzima moto maji yakipungua kiunganishwe na boila moja kwa moja, kisipitie ruta yoyote. Na vijana wanaoingia kazini leo wafundishwe kusoma kioo cha maji na kufungua vali kwa mkono, kwa mazoezi ya mara kwa mara, si kwa maneno.

Kazi ikiisha, taa ya kijani kwenye ruta haitoshi. Kila mmoja asome kipimo cha mashine yake kwa macho na kukilinganisha na skrini, wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Fundi asiondoke mpaka zamu moja nzima ipite. Saa zote ziandikwe daftarini: saa ya kuzima, saa ya kuwaka, saa ya kuthibitisha.

Daftari ndilo lililomwokoa mwenzetu wa boila. Tawi lilidai kuona kumbukumbu za ruta, ambazo hujiandika zenyewe. Ruta ilizimika dakika nne kabla mvuke haujaanza kushuka. Barua ya kujieleza iliondolewa kwenye faili lake.