Kunde, makopo na maswali ya mtoto

Muulize mtoto wa chekechea mmea unahitaji nini, atakujibu kwa mpigo kama anayeimba: maji, udongo, hewa na mwanga wa jua. Amekaririshwa. Sasa mfungulie kabati umwonyeshe kunde zilizoota gizani juu ya kitambaa chenye unyevu, bila udongo wala jua. Atanyamaza, kisha ataanza kuuliza. Hapo ndipo somo linapoanza, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 halihitaji kifaa chochote cha kununua dukani.

Tumia kunde, kwa sababu mtoto mdogo hana subira. Kwenye joto la Tanga au Mombasa huchomoza katika siku tatu nne hivi; kwenye baridi ya Njombe au Limuru zitachelewa, na ni vyema umwambie mapema asije akakata tamaa. Nunua zile za kula, sokoni. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa, ndiyo maana zina rangi ya waridi au ya kijani, nazo si za kuchezewa na mtoto. Zichambueni pamoja. Zilizobunguliwa zitengwe, ila mkipenda pandeni mbili tatu muone zitafika wapi. Na uwe macho: watoto wa umri huu hupenda kujitia mbegu puani.

Zilowekeni usiku kucha. Asubuhi menya ganda la kunde moja, uipasue katikati kwa ukucha. Ndani mna kimmea kidogo sana, na pande mbili nene zinazokizunguka ndizo akiba yake ya chakula. Mtoto akishaiona akiba hiyo ataelewa kwa nini mbegu inaota kabatini: inachohitaji kwa kuanzia ni maji, hewa na joto. Jua litahitajika baadaye, akiba ikikaribia kwisha na majani kulazimika kujitengenezea chakula. Vitabu vingi vya watoto huyachanganya mahitaji ya mbegu na ya mmea, na mtoto mwerevu ndiye anayechanganyikiwa zaidi.

Kabla ya kwenda kwenye udongo, chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha, mkate shingo yake, mjaze kitambaa kibichi ndani na kupachika kunde kati ya kitambaa na ukuta wa chupa. Mzizi utaonekana ukitoka kabla ya kitu kingine chochote. Ukifika urefu wa kucha mbili, ilazeni chupa ubavu, na baada ya siku moja hivi ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini.

Kisha yaje makopo manne. Matatu yatobolewe chini, moja lisitobolewe. Tieni udongo ule ule, mpande kunde tatu tatu kwa kina cha pingili moja ya kidole, na mzitunze zote sawa mpaka majani ya kwanza yatokeze. Kuanzia hapo kila kopo lipate maisha yake. La kwanza lipate maji na mwanga. La pili likae penye mwanga, lisipewe maji. La tatu linywe maji kama kawaida lakini liishi kabatini. La nne, lile lisilo na matundu, likae penye mwanga na lijazwe maji mpaka yatuame. Kwa kuwa wengi wa watoto hawa bado hawajui kusoma, chora alama kwenye kila kopo, kama vile tone, jua, au jua lililokatwa kwa mstari.

Kanuni ya kulinda kuliko zote ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Walimu wengi huchukua kopo moja wakalinyima maji na mwanga pamoja. Mche ukifa, nani atajua umeuawa na nini? Kabla ya kuanza, kila mtoto aweke kizibo cha soda mbele ya kopo analoamini litafanya vizuri. Akishaweka kizibo chake hatasahau kuja kuchungulia.

Jiandae kwa ubishi juu ya kopo la kabatini. Mche wake utakuwa mrefu kuliko yote, na watoto watashangilia kwamba umeshinda. Usiwakatize, kwa maana rula inawaunga mkono. Waulize rangi yake. Waushike shina. Watakuta umepauka, mwembamba, hauwezi kusimama: umetumia akiba yake kurefuka kuutafuta mwanga. Utoeni nje penye kivuli chepesi. Usipokuwa umedhoofika mno, siku moja mbili utaanza kuwa kijani.

Kopo la maji yaliyotuama ndilo nilipendalo, kwa kuwa watoto huua mimea kwa mapenzi. Darasa la watoto 60, kila mmoja anataka kumwagilia. Waeleze kwamba mizizi nayo inahitaji hewa, na maji yakijaza kila nafasi kwenye udongo hewa haipati pa kukaa. Halafu weka utaratibu: mwenye zamu achomeke kidole kwanza, na amwagilie tu akikuta pakavu.

Udongo ni suala gumu zaidi, hata kwa wakubwa, wengi wetu tukidhani mmea hula udongo. Mwanakemia wa zamani, Jan Baptist van Helmont, alilipima jambo hilo: alipanda mche wa mti uitwao willow wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti ulifikia ratili 169 na kitu. Udongo ulipungua wakia 2 tu hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, maana hakujua kuwa majani huchukua kaboni dioksaidi hewani. Mtoto wa miaka mitano hahitaji hadithi hii, ila mwalimu wake anaihitaji, asije akamwambia kwamba udongo ni chakula. Mwambie udongo unaushikilia mmea, unatunza maji, na unatoa madini kidogo ya lazima, ndiyo sababu tunatia samadi.

Mambo mawili ya kuepuka. Usiubadilishe usiku mche ulionyauka ili mtoto asihuzunike. Ukiwahi kuumwagilia ungali hai, ataona ukiinuka tena ndani ya saa chache, na ukifa, amejifunza pia. Na umwagiliaji usiwe adhabu. Shule zetu zimewapeleka shambani wachelewaji na watukutu kwa vizazi, kisha tunashangaa vijana wanalichukia jembe.

Kunde zitakazosalia zihamishieni bustanini au kwenye gunia la udongo, zikiwa na udongo wake mizizini. Baada ya wiki chache majani machanga yatafaa kwa mboga. Mwache mtoto ayachume mwenyewe, na siku hiyo mpikie hayo hayo.